Kikombe Tumekikubali, Sindano Twaiogopea Nini?

Mtu apitaye asubuhi katika hospitali ya Muhimbili, au ya Mwananyamala, au ya Temeke, ataona mstari wa watu, wengi wao vijana wa kiume, wamesimama mbele ya kidirisha. Kila mmoja hujitambulisha, hupewa kikombe kidogo, hunywa mbele ya mhudumu, hutamka neno moja au mawili ili ijulikane kuwa amemeza, kisha huenda zake. Kesho atarudi. Jumapili atarudi, Idi atarudi, na Krismasi atarudi. Kinywaji hicho ni methadoni, na watu hao ni wale ambao mitaani tumezoea kuwaita mateja, jina ambalo wengi wetu hulitamka huku tukishika mifuko yetu.

Leo twataka kusema juu ya watu hao, na hasa juu ya jambo moja ambalo Taifa letu limelifanya nusu na kuliacha nusu. Kikombe cha methadoni tumekikubali. Sindano safi bado twaiogopa. Twaamini kuwa hofu hiyo haina msingi, na kwamba gharama yake hailipwi na mateja peke yao.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Heroini si mgeni wa jana katika pwani yetu. Ilianza kuonekana katika miji ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa katika miaka ya 1980. Hapo kwanza ilikuwa ya rangi ya kahawia, na watu waliivuta, ama kwa kufukiza moshi wake au kwa kuichanganya na bangi katika sigara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe, ambayo huyeyuka kwa urahisi katika maji. Na kitu kinachoyeyuka katika maji chaweza kuingia katika bomba la sindano. Badiliko hilo la bidhaa lilitoka kwa wafanyabiashara wa mbali, wala hakuna mtu hapa nchini aliyeulizwa maoni yake. Lakini lilifungua mlango ambao virusi vya UKIMWI havikuwa navyo hapo kwanza katika miji yetu.

Katika nchi yetu virusi hivi husafiri zaidi kwa njia ya kujamiiana. Njia hiyo, pamoja na ubaya wake wote, ni ya polepole: si kila tendo huambukiza, hata pale ambapo mmoja wa wawili anavyo virusi. Bomba la sindano lililotumika na mwenye virusi ni jambo jingine. Damu iliyobaki ndani yake huingizwa moja kwa moja katika mshipa wa mtu wa pili, na wa tatu, na hatari ya kila mchomo hupita mara kadhaa hatari ya tendo la kawaida la kujamiiana. Ndiyo sababu virusi vikiingia katika kundi la watu wanaochangia sindano huweza kulienea kundi zima katika muda wa miaka michache.

Mwaka 2005 watafiti walichapisha habari za jambo walilolikuta hapa Dar es Salaam miongoni mwa wanawake wanaojidunga. Mwanamke aliyepata kete yake alijidunga, kisha akavuta damu kidogo kutoka katika mshipa wake ikarudi ndani ya bomba, akampa mwenzake asiye na fedha ajidunge damu ile, wakiamini kuwa imebakiwa na heroini ya kutosha kumtuliza arosto. Arosto ndilo jina walilolipa mateso yampatayo mtumiaji anapoikosa dawa: mwili kuuma, kutapika, kuhara, baridi na kukosa usingizi. Msomaji atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Lakini aangalie vizuri: wenyewe waliliona tendo lile kuwa ni huruma. Mwenzako anateseka, nawe una kitu, unamgawia. Maskini hawa walikuwa wakifanya yale ambayo sisi sote tulifundishwa na mama zetu, na kwa kufanya hivyo walikuwa wakiuana.

Uchunguzi mwingine uliofanywa katika jiji hili na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta virusi kwa watu 42 katika kila 100 waliojidunga. Kwa wanawake walikuwa zaidi ya nusu. Katika miaka hiyo watu wazima wenye virusi katika nchi nzima hawakufika sita katika kila mia. Kule Zanzibar, ambako katika raia wa kawaida hakufiki hata mmoja katika mia, miongoni mwa wanaojidunga walipatikana 16 katika kila 100 katika uchunguzi wa mwaka 2007.

Hapa wako watakaosema: basi hayo ni yao, walijitakia. Tunalijua neno hilo, maana tumelisikia hata katika vyumba vya habari. Lakini teja si kisiwa. Wengi wana wake au wapenzi wasiogusa heroini. Wanawake wanaojidunga, wakiishiwa, huuza miili yao, na wanunuzi wao si mateja. Ni madereva, wafanyabiashara, watumishi wa ofisi, watu ambao jioni hiyo hiyo hurejea nyumbani wakawasalimu wake zao. Anayetaka kulinda ndoa ya Kinondoni au ya Mbagala hana budi kuanzia kule maskani, chini ya daraja na nyuma ya gereji.

Tena hata kama virusi hivyo visingetoka nje ya maskani, bado tungesema haya. Chama kilicholeta uhuru wa nchi hii kilitangaza maradhi kuwa adui wa Taifa, pamoja na ujinga na umaskini. Hakikusema maradhi ya watu wema.

Februari 2011 ilifunguliwa Muhimbili kliniki ya kwanza ya Serikali ya kutoa methadoni katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke. Zanzibar wakafungua yao mwaka 2015. Baadaye huduma ikafika Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Leo vituo vimepita kumi na watu waliohudumiwa wamepita elfu kumi. Sifa hiyo ni yetu, na hatuna haja ya kuionea haya. Nchi tajiri kuliko sisi hazikuthubutu.

Methadoni ni nini? Ni dawa ya ukoo mmoja na heroini, ila hunywewa badala ya kudungwa, na nguvu yake hudumu mchana na usiku kamili. Haimpi mtu ile raha ya ghafla anayoitafuta katika kete. Humwondolea arosto tu. Mtu asiye na arosto halazimiki kuamka alfajiri akatafute nondo ya kuiba. Anaweza kula, kulala, kuoga na kurudi kwa mama yake. Wako waliorudi katika uashi na useremala. Wachunguzi waliokusanya matokeo ya tafiti za nchi mbalimbali waliandika mwaka 2012, katika jarida la madaktari wa Uingereza, kuwa tiba ya namna hii hupunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa zaidi ya nusu kwa wanaojidunga.

Iko faida nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtu ambaye jana hakuweza kupatikana kwa barua wala kwa simu, leo anakuja mwenyewe kila asubuhi. Mwenye kifua kikuu hupewa vidonge vyake palepale, akavimeza mbele ya mhudumu. Mwenye VVU hupewa dawa za kufubaza. Kazi hiyo yataka ujuzi. Rifampisini, dawa kubwa ya kifua kikuu, huharakisha mwili kuimaliza methadoni, na kama daktari hakuongeza kipimo, mgonjwa hupatwa na arosto, akaacha kliniki na kuacha dawa zote mbili. Yafaa wale wanaodhani kuwa kazi ya kidirisha kile ni kumimina tu wajue hilo.

Wengine husema kuwa tumebadilisha ulevi kwa ulevi. Twawajibu kwa kuuliza: mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kila siku maisha yake yote, je, naye ni mlevi wa insulini? Uraibu wa heroini ni ugonjwa wa kudumu wa ubongo. Wako wanaopunguziwa methadoni kidogo kidogo mpaka wakaiacha, na wako watakaoinywa mpaka uzeeni. Wote wawili wamepona kuliko walivyokuwa.

Sasa tuje kwenye ile nusu iliyobaki.

Kikombe, kwa uzuri wake wote, humfaa aliyekifikia. Kijana hujidunga miaka mingapi kabla ya kukifikia? Wengi ni mingi. Hajawa tayari, au anakaa mbali na hana nauli ya daladala ya kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, au ameogopa kuwa akiandikishwa jina lake litapelekwa polisi, au yuko tayari lakini nafasi haipo. Katika miaka hiyo ya kungoja ndimo virusi huingia. Basi tunampokea kidirishani akiwa amekwisha ambukizwa, tunampa kikombe cha kumwokoa na heroini na vidonge vya kufubaza virusi ambavyo bomba jipya lingemwepusha navyo. Huo si uchumi mzuri. Vidonge ni vya maisha yote. Bomba la sindano ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa vinavyouzwa katika duka la dawa.

Wapinzani wa sindano huleta hoja moja kubwa, nayo ni kwamba kumpa mtu sindano ni kumruhusu ajidunge. Hoja hii ina sura ya haki, na ingefaa kuaminiwa kama isingalikwisha kujaribiwa. Imejaribiwa. Ilijaribiwa Scotland, nchi ya wamisionari wengi waliofika Afrika Mashariki na Malawi, katika mji wao mkuu wa Edinburgh.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 heroini iliingia kwa wingi katika mitaa ya maskini ya Edinburgh. Polisi wakaamua kuizuia sindano: waliyekuta nayo walimnyang'anya, na duka lililokuwa likiwauzia vijana sindano likaacha. Mtu angetazamia kuwa vijana, wakikosa sindano, wangeacha kujidunga. Hawakuacha. Walikusanyika wengi katika chumba kimoja na bomba moja likazunguka. Mwaka 1986 madaktari wa mtaa mmoja wa mji ule walipopima damu za wagonjwa wao waliotumia heroini, zaidi ya nusu walikuwa na virusi. Katika mji wa Glasgow, ulio umbali wa saa moja tu kwa treni, wenye heroini nyingi vilevile lakini ambako sindano hazikubanwa namna ile, hawakufika mmoja katika kumi. Wakati huo Uingereza ilitawaliwa na serikali ya Bibi Thatcher, ambaye hakuna aliyepata kumtuhumu kwa ulegevu juu ya maadili. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha, mwaka 1987, vituo vya majaribio vya kubadilishia sindano chafu kwa safi. Walihesabu, wakaona.

Kama Scotland ni mbali, tutazame Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii na mwanachama mwenzetu wa SADC. Mwaka 2005, katika kila watu 100 waliogunduliwa kuwa na maambukizo mapya kisiwani, 92 walikuwa watu wanaojidunga. Mwaka uliofuata Bunge lao lilipitisha sheria iliyoruhusu ugawaji wa sindano, na methadoni ikaanza mwaka huo huo. Vyote viwili vilikwenda pamoja, na katika miaka iliyofuata sehemu ya wanaojidunga katika maambukizo mapya ikashuka sana. Lakini kisa cha Mauritius kina ukurasa wa pili. Mwaka 2015 waziri mpya wa afya alisimamisha kuandikisha wagonjwa wapya wa methadoni, na ugawaji ukahamishiwa katika viwanja vya vituo vya polisi, alfajiri. Ilipofika 2017 iliwabidi wafungue tena uandikishaji. Twataja jambo hili kwa kuwa ukuta wa namna hii hubomoka upesi kuliko ulivyojengwa.

Wenzetu wa Kenya nao walianza na sindano, huku viongozi wa dini wakipinga, kabla ya kufungua kliniki ya methadoni pale Mathari, Nairobi, mwezi wa Desemba 2014.

Na sisi? Huduma ya sindano ilianzia Temeke katika miaka ile ile ya kikombe, ikiendeshwa na madaktari wa shirika la Kifaransa la Médecins du Monde. Haikupata kuenea kama kikombe kilivyoenea. Kikombe kimepewa majengo ya Serikali, wauguzi wa Serikali na hotuba za viongozi; sindano imeachwa mikononi mwa mashirika, itolewe kimya kimya, kama kitu ambacho kila mtu anajua kipo na hakuna atakaye kuulizwa habari zake.

Tutaambiwa kuwa sindano yauzwa dukani, na bei yake ni ndogo. Teja aliyepata fedha za kete ashindwe na za sindano? Swali hili hutoka kwa mtu asiyepata kuona arosto. Duka la dawa hufungwa usiku. Wauzaji wengine, wakimtazama mteja wao mavazi na mikono, humwambia hakuna. Aliyeipata huogopa kuibeba, maana ikionekana na askari humtambulisha kuwa yeye ni nani. Basi huificha penye uchochoro, na wa pili huiokota. Juu ya hayo, muuza duka huuza sindano tu. Mwelimishaji rika, ambaye mara nyingi ni mtu aliyewahi kuwa teja mwenyewe, huchukua ile chafu isibaki mchangani watoto wakaichezea, hutazama jipu la mkono, humshawishi mtu akapime, na siku moja humshika mkono akampeleka kwenye kidirisha cha Muhimbili. Watu wengi hufika kwenye kikombe kwa kupitia sindano.

Tungependa hapa kusema neno kwa ndugu zetu wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kazi yao twaiunga mkono kwa moyo wote. Mwezi wa Desemba 2023 walikamata katika Dar es Salaam na Iringa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, shehena kubwa kuliko zote zilizokuwa zimekamatwa nchini hadi wakati huo. Kule Afghanistan nako kilimo cha afyuni kilishuka kwa takriban asilimia 95 mwaka 2023, baada ya Taliban kukipiga marufuku mwaka uliotangulia. Hizi ni habari njema. Lakini habari njema hizi zina kivuli chake, nacho ni kivuli cha hesabu tu. Heroini ikiadimika, bei hupanda na ubora hushuka. Mtu aliyekuwa akivuta huona kuwa moshi mwingi wapotea hewani, na kwamba kiasi kile kile kikiingia katika mshipa chamtuliza zaidi. Basi uhaba huwasukuma wengine kutoka kwenye sigara kwenda kwenye sindano. Pwani ya Kenya ilipatwa na uhaba wa ghafla kuanzia mwisho wa mwaka 2010; watumiaji hawakuacha, bali waliteseka, na wengi wakageukia pombe na vidonge vya hospitali kwa wakati ambapo hakuna kikombe wala tiba ya maana iliyowangoja.

Kwa hiyo ushindi wa askari baharini wahitaji mtu wa afya awe amesimama nchi kavu, mwenye kikombe mkono mmoja na sindano safi mkono wa pili. Pasipo huyo, kila shehena inayokamatwa yaweza kuongeza idadi ya wanaochangia bomba. Hatusemi shehena ziachwe. Twasema siku ile shehena inapokamatwa, Wizara ya Afya nayo iwe imepigiwa simu.

Wanawake tumewataja juu juu, na hawastahili kutajwa hivyo. Katika miaka ya mwanzo ya kliniki ya Muhimbili hawakufika hata mmoja katika kila wagonjwa kumi, ingawa kwa virusi ndio walioathirika zaidi. Sababu zake hazifichiki kwa mtu anayetaka kuziona. Kazi yao ni ya usiku, na kidirisha hufunguliwa asubuhi. Wana watoto wachanga wasio na wa kuwashika. Wana mabwana wanaowanyang'anya fedha na kuwapiga wakitoroka. Na teja mwanamume, kwa jamii yetu, ni kijana aliyepotea, hata mjomba wake aweza kumlipia nauli. Teja mwanamke hana jina jema hata moja. Kidirisha kilichowekwa kwa ajili ya wote, wanaokifikia ni wale waliokuwa na njia. Kwa wanawake hawa huduma lazima iwaendee usiku, walipo, na anayekwenda usiku hawezi kubeba kikombe. Hubeba sindano, kondomu na vipimo.

Tumesema kuwa huduma hizi zilienezwa na mashirika. Lazima tuseme pia kuwa mwaka 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kufunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za UKIMWI, kwa tuhuma ya kuchochea ushoga. Juu ya maadili kila mtu ana dini yake na sheria iko, na si shabaha ya tahariri hii kuvifungua tena vitabu hivyo. Lakini waelimishaji rika wengi waliingiwa na hofu baada ya tangazo lile, na watu waliozoea kufuatwa na huduma wakarudi mafichoni. Virusi havikurudi nao nyuma. Mganga hupimwa kwa wagonjwa waliomfikia, na kila amri inayomfanya mgonjwa amkimbie mganga, hata iwe imetolewa kwa nia gani, sharti itazamwe mara ya pili.

Sasa iko habari ya fedha, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Kliniki ya Muhimbili ilianzishwa kwa msaada wa Wamarekani, kupitia mpango wao wa UKIMWI uitwao PEPFAR, ulioanza mwaka 2003. Tulishukuru, na twashukuru. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya nchi yake kwa siku 90 ili ichunguzwe. Katika wiki chache idhini ya muda ikatolewa kwa dawa za kuokoa maisha. Lakini dawa za kinga dhidi ya VVU ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Msomaji aangalie ni nani walioachwa nje: wanaojidunga, wanaouza miili, wafungwa, wote ambao hatari yao ndiyo kubwa. Mkono unaotoa ulipobanwa, kidole cha kwanza kuachia kilikuwa kile kilichowashika wanyonge. Tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likafungwa kabisa.

Hatuandiki haya kuwalaumu Wamarekani. Fedha ni zao, na mwenye chake hutoa apendapo. Tumelelewa katika siasa ya kujitegemea, nasi hatukuwa na haki ya kushangaa. Lililotupasa ni kujiuliza kwa nini, baada ya miaka kumi na minne, mlango wa kidirisha kile ulikuwa bado umefungwa kwa ufunguo ulio Washington.

Serikali haikukaa kimya. Mwezi wa Juni 2025, katika bajeti ya mwaka 2025/26, ziliwekwa tozo mpya juu ya bidhaa na huduma kadhaa, ili mapato yake yaende katika mapambano ya UKIMWI na katika bima ya afya kwa wote. Kwa hiyo mlevi wa bia na msafiri wa kawaida sasa humchangia mgonjwa bila ya kumjua. Hili ni jambo la heshima. Ila fedha za mfadhili zilikuja na masharti yaliyoandikwa: hizi za methadoni, hizi za waelimishaji rika. Fedha zetu wenyewe hazina mfadhili wa kuziandikia. Zitakwenda pale tutakapozipeleka sisi, na katika kugawana fedha chache, mgonjwa mwenye mbunge hutangulia mbele ya mgonjwa asiye na kadi ya kupigia kura. Mama mjamzito atapata, na ni haki yake. Mtoto atapata. Teja atasemewa na nani?

Tunadhani yafaa mambo mawili yaandikwe waziwazi katika makadirio ya Wizara ya Afya, kila moja kwa kifungu chake, wala yasifichwe ndani ya neno "makundi maalum", ambalo hupendeza kusomwa na halimnunulii mtu chochote. Kifungu cha kwanza ni methadoni yenyewe, pamoja na mishahara ya wanaoitoa, kwa siku zote 365, maana kikombe kikikosekana siku tatu watu waliokuwa wamepona watajaa tena maskani. Kifungu cha pili ni sindano safi na waelimishaji rika wa kuzipeleka na kuzikusanya, katika kila mji ambao tayari una kliniki ya methadoni. Gharama ya hiki cha pili ni ndogo mno ukilinganisha na cha kwanza, na pengine ndiyo sababu hakijapata mtetezi: hakuna jengo la kuzindua wala utepe wa kukata.

Pamoja na hayo, Jeshi la Polisi lipewe maelekezo ya maandishi kwamba mwelimishaji rika aliyebeba sindano kwa kazi yake asikamatwe, na kwamba askari wa doria asisimame penye mlango wa kliniki kuwavizia wanaoingia. Tumewahi kusikia askari wazee wakisema kuwa hapo ndipo pa kuwapata kwa urahisi. Ni kweli, na hata zizini ndipo pa kuwapata ng'ombe kwa urahisi, lakini mwenye zizi hapeleki simba huko.

Kikao cha bajeti huanza Dodoma kila mwezi wa Aprili na kwisha Juni. Tutakisoma kitabu cha makadirio ya Wizara ya Afya ukurasa kwa ukurasa, tukitafuta vifungu hivyo viwili, na siku hiyo hiyo tutawaambia wasomaji wetu kama tumeviona.